Nimejifungua kwa operesheni, naambiwa sina maziwa

Dada Mshauri, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa kitandani, mtoto amelala kifuani kwa baba yake baada ya kumaliza chupa. Leo ni siku ya tano tangu nijifungue mtoto wetu wa kwanza, wa kiume. Nilikaa na uchungu usiku kucha na mchana wake, njia ikagoma kufunguka, mapigo ya moyo wa mtoto yakaanza kushuka, nikakimbizwa chumba cha upasuaji. Nilichomwa sindano ya ganzi mgongoni, kwa hiyo nilimsikia akilia, ila sikupewa nimshike. Walimchukua kumwangalia anavyopumua, mimi nikarudishwa wodini na dripu. Aliletwa baada ya saa nyingi, akiwa ameshapewa maziwa ya kopo.

Wifi yangu alinionya kwamba yale ya njano yanayotoka mwanzo yamechanganyika na dawa ya ganzi, nisimpe mtoto mpaka dawa iishe mwilini. Basi siku mbili za mwanzo nilikuwa nayakamua na kuyamwaga. Mama mkwe naye anasema mwanamke akipasuliwa maziwa hukatika, nisijichoshe bure. Vidonge vya maumivu nimeacha tangu tutoke hospitali kwa hofu hiyo hiyo ya dawa kumfikia mtoto, na mshono unaniuma kweli.

Kumnyonyesha kwenyewe ni kazi. Nakaa kitandani nimeinama, namlaza mapajani, miguu yake inapiga mshono. Akishika titi dakika mbili tatu analala. Nikimwamsha analia na kujivuta nyuma. Nikimpa chupa anaimaliza. Chuchu zimeanza kuchubuka, na kila akinyonya tumbo la chini linabana kama la hedhi hadi naogopa mshono utafumuka.

Alizaliwa na kilo 3.4, tulipotoka hospitali alikuwa na 3.1. Jana alilowesha nepi nne, choo kilikuwa cha kijani. Matiti yameanza kuwa mazito kidogo tangu jana usiku, lakini nikikamua napata matone tu. Mama tuliyepakana vitanda wodini, aliyezaa kwa njia ya kawaida, maziwa yalikuwa yanamlowesha nguo. Mume wangu ameshanunua kopo la pili. Halaumu mtu, ila mimi nalia kila nikiliona.

Niambie ukweli, dada. Nimeshachelewa?

Mzazi Mpya

JIBU

Marahaba, mdogo wangu, na hongera ya mtoto.

Kuna jambo umeliandika kwa kupita tu. Unasema siku mbili za mwanzo ulikuwa unakamua na kumwaga. Ulikuwa unamwaga nini, kama huna maziwa? Hayo ya njano, mazito, ndiyo dang'a, na ndiyo yote ambayo matiti ya mzazi yeyote hutoa siku hizo, awe amepasuliwa au amesukuma. Huja kidogo, kiasi cha kijiko cha chai hivi kwa mara moja, na mtoto wa siku moja hahitaji mengi kwa mara moja. Yamejaa kinga, na humsaidia mtoto kutoa kile choo cheusi cha mwanzo. Yaliyomwagika yamekwisha, sikuambii hivi ili ulie tena. Nakuambia kwa sababu ni ushahidi uliouandika kwa mkono wako kwamba matiti yako yalifanya kazi tangu siku ya kwanza.

Mama mkwe wako hakusema uongo kuhusu alichokiona. Ni kweli kwamba waliopasuliwa wengi huchelewa kupata maziwa kuliko wenzao. Ila chanzo amekikosea. Kinachowasha maziwa ni kondo la nyuma kutoka: likishatoka, homoni ya projesteroni iliyokuwa ikiyazuia hushuka ghafla, na matiti huanza kujaa kati ya siku ya pili na ya nne. Kondo halijali limepitia mlango gani. Na hakuna njia ya maziwa inayopita karibu na mshono wako. Kinachochelewesha ni yale yanayofuatana na operesheni ya dharura, na wewe umeyataja karibu yote bila kujua: uchungu mrefu, hofu, uzazi wa kwanza, mtoto kuwekwa mbali, titi kukosa kunyonywa saa za mwanzo, na maumivu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja tangu azaliwe, hata kwa aliyepasuliwa akiwa na ganzi ya mgongoni, ikiwa wote wawili wako salama. Wako alihitaji kuangaliwa kwanza, na hilo halikuwa kosa la mtu. Aliyelazwa kwa nusu kaputi naye huweza kunyonyesha mara tu akiamka vizuri na kuweza kumshika mwanawe.

Matiti yanakua mazito tangu jana usiku, yaani siku ya nne. Yamechelewa, hayajakatika.

Sasa maumivu, kwa sababu hapo umejiumiza bila sababu. Maziwa hutengenezwa na homoni moja, prolaktini, na husukumwa nje na nyingine, oksitosini. Hii ya pili ina haya: mama akiwa na maumivu makali au hofu hujificha, na mtoto ananyonya titi lenye maziwa bila kupata kitu cha maana. Ukiacha vidonge ili umlinde, unamnyima. Ganzi ya mgongoni hufanya kazi pale pale ilipochomwa, na kinachofika kwenye maziwa ni kidogo mno. Parasetamo na ibuprofeni nazo hupita kwa kiasi kidogo sana, na ndizo wazazi wanaonyonyesha hupewa duniani kote. Zimeze kwa saa zake kama ulivyoandikiwa, usingoje maumivu yapande. Unazopaswa kuziulizia ni kodeini na tramadoli. Baadhi ya miili huzigeuza haraka kuwa dawa kali zaidi, na mtoto akalala kupita kiasi au akapumua kwa shida. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu yake mwaka 2017 kwa wanaonyonyesha. Soma karatasi yako ya dawa. Ukikuta mojawapo, usijikatie mwenyewe, piga simu ulikojifungulia wakubadilishie.

Lile tumbo kubana wakati ananyonya ni oksitosini hiyo hiyo inakaza mfuko wa uzazi urudi mahali pake na kupunguza kutokwa damu. Mshono haufumuki kwa hilo. Ukimeza kidonge nusu saa kabla ya kunyonyesha utaona tofauti.

Na kopo? Usilitupe leo. Najua wapo watakaokuambia uache mara moja ili mtoto ashike titi kwa njaa. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mtoto aliyepungua kutoka 3.4 hadi 3.1 amepoteza karibu asilimia 9 ya uzito wake. Watoto wengi hupungua hadi asilimia 7, wengine hukaribia 10, na wa operesheni huelekea kupungua zaidi, kwa sehemu kwa sababu dripu nyingi ulizowekewa huwafikia na kuwaongezea uzito wa maji siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo si janga, lakini si wakati wa kumfanyia majaribio ya njaa. Mtoto mwenye njaa hana nguvu ya kunyonya, atalala tu, na maziwa yako yatakosa anayeyaita.

Fanya hivi badala yake. Kila baada ya saa mbili hadi tatu, mchana na usiku, ili ifike mara 8 hadi 12 kwa siku, titi litangulie. Mpe pande zote mbili. Kisha baba yake au yeyote aliye karibu ampe nyongeza kwa kikombe kidogo, wakati wewe unakamua dakika kumi hadi kumi na tano. Utakachopata, hata kijiko kimoja, ndicho kitakachotangulia kwenye nyongeza ijayo, na kopo lijazie pengo tu. Mzunguko wote usizidi saa moja, vinginevyo hutalala kabisa, na mama asiyelala hukata tamaa siku ya saba. Kiasi cha nyongeza mwombe muuguzi akupangie kwa uzito wa mtoto, kisha mpunguze jinsi uzito unavyopanda. Huku kopo likiendelea, mume wako achanganye vipimo kama vilivyoandikwa, asipunguze unga ili lidumu. Unga huo hauko safi kabisa bila vijidudu, kwa hiyo maji yachemke kwanza na yakutane nao yakiwa bado na joto la nyuzi 70 au zaidi, ndipo apoze.

Kwa nini kikombe? Chupa humimina. Titi linamtaka afanye kazi kidogo kabla ya kupata, na mtoto aliyeonja njia rahisi ana haki ya kukasirika. Mkalishe wima kidogo, gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wake wa chini, maziwa yafike mdomoni tu, arambe mwenyewe. Usimmiminie.

Jinsi unavyokaa ndiyo shida yako kubwa ya pili, na hii inaweza kubadilika leo hii. Kuinama juu ya mtoto aliye mapajani hata asiyepasuliwa kungemvunja mgongo. Lala ubavu. Kunja magoti kwanza, kandamiza mto mdogo au kiganja juu ya mshono, kisha geuka mabega na nyonga kwa pamoja, polepole. Mto mmoja nyuma ya mgongo, mwingine katikati ya magoti, na taulo lililokunjwa mbele ya mshono kwa ajili ya mateke. Mlaze naye ubavu akutazame, tumbo lake kwako, pua yake ielekee chuchu. Hakuna uzito wowote utakaogusa kidonda.

Ukiwa umekaa, mweke chini ya kwapa: mto ubavuni, mwili wake upande wako, miguu ikielekea nyuma, kichwa chake kwenye kiganja chako. Kamata shingo na mabega, usisukume kisogo. Mtoto anayesukumwa kisogo hujivuta nyuma kila mara, na nahisi ndicho kinachotokea kwako anapolia. Wengine huona raha kuegemea nyuma nusu wamelala na mtoto akalala kifuani kwa kukingama, juu kabisa ya mshono. Jaribu zote tatu uone ipi mnaelewana nayo.

Chuchu kuchubuka maana yake anashika chuchu peke yake. Ngoja afungue mdomo kama anayepiga mwayo, kidevu kitangulie kugusa titi, mdomo wa chini ugeuke nje, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu ionekane zaidi juu kuliko chini. Akishika vizuri utasikia kuvutwa, si kukatwa. Ukiumia baada ya sekunde chache za mwanzo, ingiza kidole safi pembeni ya mdomo wake, mtoe, anza upya. Usivumilie kishujaa, kidonda cha chuchu hakimsaidii mtu. Na sikiliza: akinyonya na kumeza utasikia pumzi ndogo ya kumeza baada ya mivuto michache. Akivuta vuta harakaharaka bila kumeza, bonyeza titi taratibu kwa mkono ili maziwa yasogee, ataamka.

Usimngoje alie. Kilio ni dalili ya mwisho ya njaa. Akianza kugeuza kichwa, kutafuna mkono, kulamba midomo, ndiyo saa yake. Mvue nguo abaki na nepi, mlaze kifuani kwako ngozi kwa ngozi, mfunike mgongo, mkae hivyo hata nusu saa bila kumshurutisha. Watoto waliogomea titi mara nyingi hujikokota wenyewe hapo. Kama vidonge vinakulewesha usingizi, mtu mwingine awepo macho, na msilale naye kwenye sofa hata siku moja.

Kukamua kwa mkono nadhani hukuonyeshwa, ulibana tu. Nawa, pasha titi kwa kitambaa cha uvuguvugu, lisugue kwa duara. Weka kidole gumba juu na vidole viwili chini, sentimita mbili au tatu kutoka kwenye chuchu. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, ndipo ubane, kisha achia. Rudia kwa mwendo uleule bila kuteleza kwenye ngozi wala kuvuta chuchu, uzungushe vidole kila pembe. Dakika ya kwanza unaweza usione kitu. Matone uliyopata jana yasikutie unyonge, mkono wa mama hautoi kama mdomo wa mtoto. Yaliyokamuliwa hukaa saa nne kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25, na hadi siku nne kwenye friji.

Nepi nne siku ya nne ni sawa kabisa, na choo cha kijani ni hatua kati ya cheusi na cha njano. Kuanzia leo utazame zifike 6 au zaidi kwa siku na choo kiwe cha njano. Kumbuka tu kwamba nepi hupima vyote alivyokunywa, chako na cha kopo, kwa hiyo maendeleo ya kweli ni nepi zile zile huku nyongeza ikipungua. Uzito wa kuzaliwa unatakiwa urudi ndani ya siku 10 hadi 14.

Kuhusu watu walio nyumbani, sitakuambia ugombane na mama mkwe na mshono mbichi. Mpe kazi. Awe anakuletea mtoto, anakuwekea mto, anamcheulisha, anashika saa. Anayeambiwa "mama, nisaidie nimgeuze" huwa hana nafasi ya kusema maziwa yamekatika. Wifi mwambie tu daktari amesema dawa zako ni salama, basi, usifungue mjadala. Mume akuandikie kwenye karatasi saa za kunyonya, nyongeza na nepi. Na yule mama wa kitanda cha jirani mwache na nguo zake zilizolowa, huenda naye saa hizi anahangaika na matiti yaliyojaa hadi mtoto ameshindwa kushika. Likikukuta wewe pia, kamua kidogo tu chuchu ilainike, ndipo umpe.

Machozi ya siku hizi huwapata wazazi wengi sana, homoni zimeporomoka na hujalala. Yakipita wiki mbili, au ukianza kuona heri mtoto awe na mtu mwingine kuliko wewe, mwambie daktari waziwazi.

Haya yafuatayo hayangojei barua wala kesho. Mtoto asipoamka kunyonya, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kikibonyea, joto likifika 37.5 au likishuka chini ya 35.5, akipata degedege, akiwa wa manjano hadi viganjani na nyayoni, au nepi zikikaa kavu. Kwako wewe ni homa ya 38, mshono mwekundu, unaotoa usaha au kunuka, damu inayojaza pedi ndani ya saa moja, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kukosa pumzi, kichwa kikali chenye kuona maluweluwe. Nendeni hospitali saa hiyo hiyo.

Umeuliza kama umechelewa. Siku ya tano si kuchelewa. Wapo waliorejea kwenye titi peke yake kutoka mbali kuliko hapo ulipo, wengine kwa siku chache, wengine kwa wiki kadhaa. Wapo pia wanaobaki na nyongeza kidogo, na watoto wao wananyonya vizuri tu mbali na hiyo. Siwezi kukuahidi utaangukia wapi kabla ya kuona wiki hii inavyokwenda, hasa kama ulipoteza damu nyingi kwenye operesheni au una tatizo la sukari au la tezi shingoni. Kama mojawapo lipo, litaje kwa daktari, kwa sababu huathiri maziwa na lina uchunguzi wake. Ifikapo kesho kutwa matiti yakiwa bado hayajajaa licha ya haya yote, hilo nalo litaje.

Kesho mpeleke mtoto akapimwe uzito, na beba ile karatasi ya mume wako. Usikubali kuandikiwa kilo na kuambiwa urudi nyumbani. Mwombe mkunga au muuguzi akae akutazame ukinyonyesha kuanzia mtoto anaposhika hadi anapoachia, na akague mshono kabla hujaondoka.